Kitambaa cha Mbele

Pleven, 4 Machi

Dada mpenzi Zdravka,

Shikamoo. U hali gani, na magoti yako je? Mimi naendelea vizuri. Nyonga niliyovunja kwenye barafu imeunga, na sasa mtaalamu wa viungo hapa hospitalini ananipandisha kwenye mashine ya kutembelea: mkanda unakimbia chini ya miguu, nawe unatembea palepale. Nilianza na dakika nne, huku nalia. Leo nimemaliza tisa. Siku ya Mtakatifu Iliya nataka nije kijijini tushikane mikono kwenye mstari wa ngoma yetu ya horo.

Mdogo wako,
Ginka

Gorna Cheresha, 19 Machi

Ginka,

Marahaba. Mimi mzima, magoti mazima, mbuzi pia wazima. Velika wa dukani alipita hapa, nikampa barua yako, naye akaenda kuisoma mbele ya wateja. Sasa kila anayepita mlangoni kwangu ni Ginka, Ginka. Mimi niliyebaki na kaburi la mama na theluji ya kila mwaka, hakuna anayeniuliza kitu.

Ukija, karibu, utakaa kwenye benchi na wagonjwa wenzako. Kutembea kutwa bila kufika hata jikoni si kucheza horo. Kitambaa cha mbele, anachopunga anayeongoza mstari, nimekishika mimi tangu mama afariki, na desturi unaijua: kiongozi akitoka ngoma haijaisha, hakipati tena.

Dada yako,
Zdravka

Pleven, 6 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Maneno yako yaliniuma, nikayameza. Sasa natembea dakika ishirini na tano bila kushika vyuma. Nimemwomba mtaalamu anifundishe kwenda kiubavu, maana horo huenda kulia. Alicheka, akapunguza mwendo wa mkanda, akanishika kiuno.

Kitambaa sikukiomba. Lakini Velika ananiambia hata Pasaka hukuonekana kanisani. Kuna nini? Njoo ukae kwangu, twende mashineni wote.

Mdogo wako,
Ginka

Pleven, 20 Juni

Dada,

Shikamoo. Wiki sita kimya. Velika amenipigia simu akilia: umewaambia watu kwamba nimelala kitandani na sitaamka tena. Wanawake wameniwashia mishumaa kanisani. Nimekukosea nini?

Ginka, mdogo wako bado

Gorna Cheresha, 11 Julai

Mdogo wangu Ginka,

Salamu. Afya yako sikuulizi, naijua, ndiyo iliyoninyima usingizi.

Ni kweli, nilisema. Watu walikuwa wameanza: "Safari hii tumngoje Ginka atuongoze." Nikaona nikuzike mapema. Ni wivu, sina jina jingine la kuupa. Tangu Februari magoti hayanibebi, natembea kwa kushika kuta, na kanisa nalitazama dirishani. Wewe uliyevunjika unatembea, mimi nisiyeanguka hata siku moja siwezi. Nilikuchukia kwa hilo, Ginka.

Jana nilikwenda dukani na fimbo, mara ya kwanza watu kuniona nayo, nikamwambia Velika ukweli wote mbele ya wateja.

Kitambaa nimekifua na kukipiga pasi. Kwa posta sikitumi. Njoo ukichukue mkononi mwangu, na mkono huo usiuachie, maana wa pili kwenye mstari nitakuwa mimi. Mzunguko mmoja tu, kisha nitakwenda kwenye benchi. Uende polepole. Ukikosea hatua nakunyang'anya hapohapo.

Baada ya sikukuu tutaondoka pamoja. Hiyo mashine yako nitaianza na dakika tano. Wewe ulianza na nne.

Dada yako,
Zdravka