Moshi Chini ya Zahanati

Jumanne, 13 Aprili 1993

Ptu! Nimetema mate tangu asubuhi na bado kinywa kichungu.

Bwana Afya wa kata amekuja, yule Mayala, mwenye soksi zilizovutwa hadi magotini. Kasimama mlangoni mwa jiko langu, kaziba pua kwa leso. Kuziba pua! Mbele ya maharage yangu! Kasema zahanati mpya hapo juu ya mawe ina wazazi na watoto wachanga, na moshi wangu unapanda moja kwa moja hadi madirishani kwao. Kuanzia sasa, eneo lote la chini ya zahanati, moshi marufuku.

Nikamwambia nchi nzima siku hizi ni ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa mtu kufungua hospitali yake kama anavyofungua duka la soda. Ila moshi wangu mimi Akelo ndio marufuku?

"Bibi, sikatazi kuni. Nakataza moshi. Tafuta jiko la kuni lisilotoa moshi."

Jumamosi ya tarehe 24, saa tatu asubuhi, anakuja kuliona likiwashwa. Akiona moshi, banda langu linavunjwa siku hiyohiyo.

Hapa ndipo ninapolisha watu. Wanaouguza wagonjwa wanashuka hapa na bakuli zao, wengine wamevuka ziwa kutoka Kamanga, hawana ndugu mjini. Nikihama nitampikia nani? Mawe?

Alhamisi, 15 Aprili

Nesi wa zahanati, Najat, kashuka na shuka mkononi. Binti mdogo, sauti ya upole — upole wa kukera. Shikamoo Bibi. Marahaba. Katandaza shuka juu ya benchi la wateja. Madoa meusi madogomadogo, tele, kama uchafu wa nzi. Kasema ilifuliwa jana, ikaanikwa jana, na mtoto wa siku mbili ndiye aliyepaswa kulazwa juu yake. Nikamwambia ajifunze kusuuza, sabuni za siku hizi ni chokaa tupu. Kaiacha hapo, kapanda zake.

Nikainusa. Kuni zangu. Nikamchukia yeye, nikaichukia shuka, nikaichukia na pua yangu mwenyewe.

Nimeifua mara mbili. Nimeirudisha bila salamu.

Jumamosi, 17 Aprili

Siku nzima kutafuta jiko. Mguu umevimba.

Kwanza kina mama wa kanisani. Wana mradi wa majiko ya udongo, ya kujengea, midomo miwili na bomba la bati. Zuri kwa macho. Nikauliza, moshi unakwenda wapi? Unapanda kwenye bomba, Mama. Na bomba linatokea wapi? Juu. Na kwangu mimi, juu kuna nini? Zahanati, enyi watu! Huko si kuondoa moshi, ni kuusindikiza hadi kitandani kwa mgonjwa. Tena udongo wenyewe, na mvua hizi, haukauki kabla ya mwezi wa sita. Nikawaachia chai yao.

Halafu Bimdogo, jirani yangu wa vitumbua. Yeye anatumia la maranda: debe, unasimamisha mti katikati, unashindilia maranda ya mbao, unachomoa mti, unawasha kwa chini. Kweli halina moshi, sikatai. Lakini ukishawasha huongezi kitu, na maharage yangu yanataka masaa matatu. Tumekaa tunalitazama. Kabla hata chai ya pili — puu! Limebomoka ndani, maranda yote chini, moshi ukatutoa nje sote wawili, machozi mashavuni.

"Leo tu, Mama Odoyo!" Bimdogo ananiambia huku anakohoa. "Limekuonea aibu, halijakuzoea!"

Nimecheka hadi nimekasirika.

Mkaa? Kwa sufuria yangu ile? Gunia linaisha maharage bado yanagonga kama kokoto. Sitaki kusikia mkaa.

Jumatatu, 19 Aprili

Makoroboi, kwa mafundi wa bati. Nyundo, nyundo, kichwa kinapasuka. Bibi njoo! Bibi hapa! Jiko la kisasa! Kila takataka siku hizi ni ya kisasa. Mmoja kanionyesha lililopakwa rangi ya fedha. Nimekwangua kwa ukucha, chini kutu. Ptu!

Fundi mmoja tu hakuniita. Nkwabi. Msukuma mrefu, mkimya, nyuma yake ubao mweupe: MAJIKO YA KUNI BILA MOSHI. Nikamwambia maandishi hayapiki, washa nione. Akawasha.

Ni pipa ndani ya pipa. La ndani limekandikwa udongo wa kichuguu. Mdomo mdogo chini, na juu matundu pande zote. Kasema hewa inapanda katikati ya mapipa mawili, inatokea kwenye matundu ikiwa ya moto, inaukuta moshi, inauchoma kabla haujatoka. Maneno! Nikavua kitambaa changu cheupe cha kichwani, cha kanisani, nikakishika juu ya moto hadi vidole vikaniuma. Nikakigeuza.

Cheupe.

Fundi mmoja akasema bibi huyu angefaa polisi.

Nkwabi kanipa masharti kama daktari: kuni kavu, nyembamba, vipande vitatu kwa wakati mmoja, mdomo usijazwe. Nikamwambia nilikuwa napika kabla baba yako hajaota meno. Nimelichukua, limekuja kwa mkokoteni. Zito kama ng'ombe.

Jumanne, 20 Aprili

Mwizi! Mwizi mkubwa!

Odoyo, mwanangu, aliniletea kuni juzi: ule mtumbwi wake wa zamani, kaupasua mbao. Miaka yote hiyo juani ufukweni, kavu hadi zinalia ukizigonga. Kuni kavu kuliko hizo hakuna Mwanza nzima. Nikawasha jiko la Nkwabi.

Moshi! Si moshi wa kawaida. Mweusi, mzito, kama wa tairi. Umetanda chini ya bati, umenishika koo. Nikadhani moto haujakolea, nikaongeza ubao. Ulikuwa mpana, ukagoma mdomoni. Nikaugongomea kwa mchi. Ukaingia — na ndani nikasikia ka! Udongo wa pipa la ndani umepasuka toka juu hadi chini. Ndiyo kazi ya fundi hiyo? Jiko lisilostahimili mchi?

Maharage nimeyaivisha hivyohivyo kwenye mafiga. Kuni zilezile, moshi uleule. Watu wana njaa, nikawagawia, wakapanda nayo kwa wagonjwa wao.

Halafu nikaenda Makoroboi na mkono wangu mweusi kwa masizi. Sikuunawa makusudi. Mbele ya mafundi wote, mbele ya wateja wake wawili, nikamwita tapeli, mla jasho la wajane. Nikaubandika mkono kwenye ule ubao wake mweupe, pa! Vidole vyote vitano, juu ya neno BILA. Wateja wakaweka chini walichoshika, wakaondoka.

Nkwabi kauliza kitu kimoja tu. Bibi, ulitumia kuni gani?

"Kuni ni kuni!"

Nikaondoka zangu. Mkono nimeunawa nyumbani. Masizi yananata, hayataki kutoka.

Jumatano, 21 Aprili

Bakuli zimerudi kutoka juu. Nyingine zimejaa vilevile. Mwanaume mmoja, mkewe kajifungua juzi, kaniambia kwa heshima zote kwamba mama watoto ameshindwa, yananuka. Mimi! Maharage yangu!

Bimdogo kaja, kafunua sufuria, kanusa, kafunika upesi.

"Mama Odoyo. Umepika maharage au umepika mashua?"

Nikamfukuza. Hakwenda. Kaokota ubao kwenye lundo la kuni, kauleta mlangoni penye mwanga, kaingiza ukucha kwenye ufa, kavuta. Ukatoka uzi wa pamba, mrefu, mweusi, unanata. Kaniwekea kiganjani.

Lami.

Nilikosaje kujua! Mimi mwenyewe nilikuwa nashika debe la lami, Odoyo na marehemu baba yake wakiziba nyufa za mtumbwi ule. Kila mwaka pamba mpya, lami mpya juu ya lami ya zamani. Ukavu nimeuona, lami sikuiona. Nimeiwasha chini ya chakula cha wazazi.

Nimeyamwaga yote. Hata mbwa kanusa, kaondoka.

Nimetapika nyuma ya banda. Sijala kitu, nimetapika mate.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimemtuma Odoyo Makoroboi amwombe Nkwabi aje akandike upya pipa la ndani. Keshokutwa ndiyo Jumamosi.

Odoyo karudi mikono mitupu. Fundi kasema mama yako alikuja kwa miguu yake, mdomo anao.

Jeuri! Fundi wa mabati!

Odoyo naye, badala ya kunyamaza: "Mama, kwani amesema uongo?" Nimemwambia aende akavue samaki.

Ijumaa, 23 Aprili

Nimekwenda. Mkokoteni mbele, mimi nyuma na mvua.

Alama ya mkono bado ipo pale ubaoni. Kajaribu kuifuta, imesambaa tu, chafu zaidi. Nilishindwa kuitazama, nikatazama viatu vyangu. Fundi wa jirani akasema kwa sauti, haya, polisi karudi! Wakacheka. Nkwabi hakuwa na mteja hata mmoja.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Nilifika nayo hadi mlangoni. Nikafungua mdomo, kikatoka: "Udongo wako ulikuwa mwembamba."

Mungu wangu.

Nkwabi kaingiza mkono ndani ya pipa, kapapasa ule ufa. Kidole kikatoka cheusi. Kakinusa. Alijua hapohapo, nilimwona usoni. Hakusema. Kakoroga udongo na majivu, kakandika, kawasha vijiti vyembamba ndani ili ukauke polepole. Nilikaa kwenye jiwe hadi alasiri bila kupewa hata maji, na sikuomba.

Kasema jiko analolitengeneza mara ya pili hulitazama likiwaka kwa mwenyewe. Atakuja kesho na kuni zake.

Habari ya lami sikuisema. Nimerudi na mdomo wangu ukiwa umefungwa kama nimekula gundi. Sijawahi kujichukia namna hii.

Jumamosi, 24 Aprili

Naandika haraka, daftari juu ya goti.

Nkwabi kaja saa mbili na kuni zake, nyembamba kama vidole, kavu. Kawasha. Mayala kafika saa tatu kamili na soksi zake, Najat yuko nyuma yake. Watu wa bakuli wamejipanga nje kama kawaida, wananong'ona. Moto umeshika — na juu ya jiko hakuna kitu. Hewa tu inatetemeka. Mayala kazunguka, kainama, kachungulia. Kaweka karatasi yake nyeupe juu, kaigeuza. Safi. Nikataka kucheka.

Akakunja karatasi. Akasema: nimesikia huko mjini kwamba majiko ya huyu bwana yanatoa moshi mweusi kama wa tairi, na wewe Bibi ndiye shahidi, mkono wako uko kwenye ubao wake. Leo halitoi. Lakini leo kuni ni za fundi na mkono ni wa fundi. Jumanne ilikuwaje? Kama ubovu ni wa jiko, mimi nalipiga marufuku kata nzima, na wewe nakuongezea wiki mbili utafute jingine. Kama si jiko, niambie ni nini.

Najat kadakia: na chakula cha Jumanne kilikuwa na nini, Bibi? Kuna wazazi waliumwa tumbo.

Basi ndiyo hivyo. Nikisema jiko, nabaki na banda langu, na Nkwabi anakwisha. Nikisema lami, nimewalisha wazazi lami kwa mkono wangu, na Mayala hahitaji moshi tena ili anivunjie.

Nikakohoa. Mayala akasema anapanda kwanza juu, aone kama moshi unafika dirishani. Akishuka ataandika jibu langu.

Yuko kule sasa. Namwona kichwa tu dirishani, yeye na Najat. Nkwabi kachuchumaa anasogeza kuni, moja, moja. Hanitazami. Angeweza kusema mwenyewe, anajua yote. Hasemi. Ananikera kwa kutosema!

Bimdogo kanipa kikombe cha chai. Nimemrudishia. Nimemwambia aite wale wote waliojipanga nje waje hapa mlangoni, wasogee karibu, na yule mwanaume ambaye mkewe alishindwa maharage awe mbele, na aniletee ubao mmoja wa ule mtumbwi, wenye lami.

"Kuna nini, Mama Odoyo?"

Waite tu, nimemwambia, na wanyamaze, sina sauti ya kurudia mara mbili — huyo Mayala anashuka