Mama Kendi, Nilikuwa Nakula kwa Kujificha

Mama Kendi,

Sijui kama huko uliko salamu hufika. Ulipokuwa hai uliingia ofisini kila asubuhi na ile "habari zenu" yako ndefu yenye lafudhi ya Kimeru, nami nikakujibu "aleikum salaam" kwa makusudi ili ucheke. Leo nakusalimu kwa salamu yako mwenyewe. Habari, rafiki yangu.

Nimekawia kukuandikia, na usidhani nilikusahau. Niliona haya. Kuna mambo yamenipata tangu tukuzike, na wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kuyasikia kama ungekuwa bado umekaa kwenye kile kiti cha dirishani. Sasa kinakaliwa na msichana mmoja mwembamba kutoka Nyeri, anapiga taipu haraka kuliko sisi wawili tukiunganishwa. Ni mtoto mzuri. Lakini hawezi kuambiwa habari kama hizi.

Unakumbuka siku ile daktari alipotupima presha? Tulikwenda pamoja, kama tulivyokwenda kila mahali pamoja. Akatuambia, "Nyinyi akina mama, mpunguze mwili. Hasa hivyo vya kutafuna jioni mkitoka kazi." Tukatoka pale tumeshikana mikono kama wasichana wa shule, moja kwa moja hadi hoteli ya Abdi, nyuma ya maduka ya ngozi, tukaagiza sambusa. Ulisema, "Wacha tuziage kwanza. Kesho tunaanza." Tuliziaga miezi mingi, Mama Kendi. Halafu ukaanguka jikoni kwako Jumapili asubuhi, umeshavaa nguo za kanisa, na presha haikukupa hata nafasi ya kuita mtu.

Niliporudi kazini baada ya mazishi yako nilipita kwa Abdi miguu ikinipeleka yenyewe. Naye, mikono ikimpeleka yenyewe, akafunga sambusa za watu wawili kwenye gazeti. Tukatazamana. Akataka kuzitoa zako, nikamwambia aache. Nilizila zote njiani, zangu na zako, huku nalia.

Hapo ndipo uoga ulinishika. Nikasema sitakufa kama wewe. Nisamehe kwa kuliandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema. Nikaacha chai ya asubuhi. Nikaacha chakula cha mchana. Kutwa nzima ofisini nilikunywa chai ya rangi bila sukari, nikajiona shujaa. Nilipiga taipu taarifa za ng'ombe waliokufa Garbatulla, taarifa za ng'ombe waliokufa Oldonyiro, maana mvua za mwaka huu wa themanini na nne zilikataa kabisa, na tumbo langu likinguruma mpaka yule msichana akawa anajifanya kukohoa ili nisione aibu.

Ikifika saa ya kutoka, mikono ilikuwa ikitetemeka. Sijui nikuelezeje. Kutwa nzima mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa njaa, lakini jua likishainama njaa ndiyo inakuwa mkubwa wangu. Nilikuwa nikiapa kwamba nitapita njia ya msikiti nisipite kwa Abdi. Nikajikuta niko kwa Abdi. Nilikaa ndani kabisa, karibu na jiko, uso ukutani, nikala sambusa, nikala mandazi, nikashushia chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Kisha nikafuta mdomo kwa ncha ya shuka na kwenda nyumbani. Chakula cha jioni kikiwekwa nasema, "Mimi daktari amenikataza." Na kweli nilikuwa sina nafasi hata ya kumeza mate.

Nesi wa zahanati akinipima kwenye mizani, mwili uko palepale. Akaniuliza, "Mama Rukia, kweli unajaribu?" Nikamwambia najaribu sana.

Haya ningeweza kukusimulia tukacheka. Yanayofuata hayachekeshi.

Katikati ya ukame alikuja Qabale. Hukupata kumjua. Ni mke wa mdogo wake Baba Rukia, kutoka Biliqo. Alikuja juu ya lori la mzigo na watoto wake, mdogo kabisa akiwa bado ananyonya. Ng'ombe wao walikwisha. Mumewe alibaki na ngamia wachache, akimtafutia kila mmoja jani la kula. Baba Rukia naye unamjua, yuko barabarani na lori lake siku zote, kwa hiyo nyumba ilikuwa yangu na Qabale na watoto. Tulikuwa na ule unga wa manjano wa mahindi ya msaada ambao kila mtu alikuwa akiulalamikia. Watoto wa Qabale hawakuulalamikia. Walikula kimya, na wakimaliza walipitisha kidole kwenye sufuria.

Sasa fikiria, Mama Kendi. Jioni ya kwanza tumekaa kwenye mkeka, ugali uko katikati, na mimi nimetoka kwa Abdi nimeshiba kama chatu. Nikasukuma sahani yangu mbele ya watoto nikasema, "Kuleni nyinyi. Mimi sili jioni." Qabale akaniangalia. Macho yake yalijaa maji.

Nilielewa palepale alichoelewa yeye. Ningeweza kumwambia. Ilikuwa sentensi moja tu. Sikuisema. Na kesho yake nikasukuma sahani tena.

Qabale akawaeleza wanawake bombani. Nikawa nikipita wananipisha njia. Jirani yangu mmoja akaniambia, "Mama Rukia, sisi tunajua unavyojinyima." Ijumaa moja tulipokusanyika wanawake nyumbani kwa bibi mmoja mzee, yule bibi akainua mikono akaniombea dua kwa jina, Mungu amlipe huyu anayelala njaa ili watoto wa wengine walale wameshiba. Wote wakasema amin. Nikasema amin. Vidole vyangu bado vilikuwa vinanuka mafuta ya kukaangia, nikavificha ndani ya shuka.

Ungedhani ningeacha. Nilizidisha. Kwa sababu sasa nilikuwa naogopa kuonekana kwa Abdi, nikaanza kununua biskuti na njugu, nikaficha kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, chini ya shuka za sikukuu ya Idi. Nikifika nyumbani naingia chumbani eti nabadilisha nguo. Biskuti inalia ikitafunwa, wajua, na watoto wako upande wa pili wa pazia. Kwa hiyo nilikuwa nazilowesha kwenye kikombe cha maji mpaka zinalainika, ndipo nazimeza. Mwanamke mzima, mfanyakazi wa serikali, mama wa watu, nimeinama juu ya sanduku nameza uji wa biskuti nisisikike na watoto wenye njaa. Nimeandika hapa, nimesimama, nimezunguka nyumba, nimerudi. Ndivyo ilivyokuwa.

Kisha Qabale akaanguka bombani.

Walikuja kuniita ofisini. Nikamkuta amekalishwa kivulini, mtungi umemwagika, mtoto analia mgongoni kwa mwanamke mwingine. Tukampeleka zahanati. Na nesi aliyekuwepo ni yuleyule anayenipima mimi. Qabale hajui Kiswahili zaidi ya salamu na majina ya vitu vya dukani, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Nesi akauliza maziwa yanatoka? Qabale akasema yamepungua sana. Nesi akauliza anakula nini. Asubuhi uji. Mchana kidogo. Na jioni?

Qabale akajibu kwa Kiborana, polepole, macho chini. Alisema, "Jioni naacha. Nashika tonge nawapa watoto. Mwenye nyumba hali. Mimi nitamezaje na yeye amekaa pale tumbo tupu kwa ajili yetu?"

Nesi akanigeukia. "Anasemaje?"

Mama Kendi, nilisema, "Anasema jioni hana hamu ya kula."

Nesi akaandika. Mtoto akalishika titi, akalivuta, akaliacha, akalia. Qabale akambadilisha upande. Akalivuta, akaliacha. Nikaona mbavu za Qabale kwenye upenyo wa nguo, na nikaona mkono wangu mwenyewe ulioshika bega lake, mnene, unang'aa. Sikuweza tena.

Nikamwambia nesi, "Dada, nimekudanganya. Hakusema hivyo." Nikamweleza nesi yote. Habari ya Abdi, habari ya sanduku, habari ya dua ya Ijumaa. Kwa Kiswahili ilitoka haraka, kama mtu anayetapika. Nesi aliacha kalamu. Halafu akasema neno moja ambalo sikulitegemea: "Sasa mwambie yeye."

Kwa Kiborana ilikuwa vigumu zaidi. Ni lugha ya mama yangu, maneno yake hayana pa kujificha. Qabale alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa nakula."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akamtazama mtoto wake. Hakuniambia kitu kingine pale, wala njiani. Ningefurahi kama angenitukana. Matusi ningejua pa kuyaweka.

Kabla hatujatoka nesi alinivuta kando. Hakunigombeza. Alisema kosa langu halianzi jioni, linaanza asubuhi. "Unaifungia njaa kutwa nzima kama mbwa, halafu jioni unamfungulia na unashangaa anauma. Kula asubuhi. Kula mchana chakula cha kweli. Ukitoka kazi kunywa maziwa au kula maharagwe kidogo, umekaa chini, mbele ya watu. Kisha kula na wenzako jua likitua, ukimaliza, umemaliza." Nilitamani ungekuwepo usikie. Daktari yule alituambia tuache. Huyu alituambia tule.

Jioni ile Qabale alipika mwenyewe, ingawa nilimkataza. Nilikuwa nimemimina sanduku lote kwa watoto, biskuti na njugu, na walikuwa wakizila kwa kelele. Qabale akaweka sahani mbele yangu, akaweka nyingine mbele yake. Akasema, "Kula hapa nikuone." Nikala. Kila tonge lilipita kama jiwe. Na yeye akala, akinitazama, hakuangalia pembeni hata mara moja, mpaka sahani zote mbili zikawa tupu.

Tukawa tunafanya hivyo kila jioni. Asubuhi nafungasha githeri, yale mahindi na maharagwe, kwenye kikopo, nakula saa saba pale dirishani na yule msichana wa Nyeri, ambaye siku hizi analeta maparachichi ya kwao tunagawana. Nikifika nyumbani Qabale alikuwa akinipa kikombe cha maziwa, yakiwepo, au kibakuli cha maharagwe, nami nikila kwenye mkeka watoto wakinipanda magotini. Nikishakula hivyo, ile njaa ya kutetemesha mikono haiji. Inakuja ndogo, ya kawaida, ya mtu. Siku zingine bado inanishinda. Jioni moja nilikwenda kwa Abdi nikala mbili, lakini nilikaa barazani, na niliporudi nyumbani nikasema, "Leo nimekula kwa Abdi, nipunguzieni." Watoto wakacheka. Gauni langu la kijani, lililokuwa likinibana, sasa linafunga vifungo. Nesi anasema presha imeshuka kidogo.

Qabale alinenepa kidogo, maziwa yakarudi. Lakini hakunisifu tena kamwe, na hakumwambia mtu yeyote. Wanawake bombani waliendelea kunipisha njia. Nilisubiri aseme ili yaishe, hakusema. Mwishowe nikaelewa kwamba ameniachia mimi niseme. Ijumaa moja nikainuka mbele ya yule bibi na wenzake wote nikasema ukweli. Mmoja akatoka nje. Yule bibi akaniambia, "Kaa chini, mwanangu," basi. Wengine hawajanisalimu mpaka leo, na nawaona wana haki.

Mvua imenyesha. Ilianza upande wa Merti, ikafika kwetu, mitaro imejaa vyura. Mumewe Qabale ametuma ujumbe kwamba nyasi zimeota na ngamia mmoja amezaa. Juma lililopita nikawasindikiza kwenye lori. Watoto walishapanda. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kuomba msamaha, nilikuwa nimeyapanga, na nikayasahau yote. Qabale akanishika mkono. Akasema, "Mama Rukia, ukisikia njaa usijifiche tena. Njaa sio aibu. Sisi tulikuja kwako na yetu mchana kweupe, watu wote wakituona."

Lori likaondoka. Nilisimama pale kwenye tope mpaka likawa halionekani.

Nimekueleza yote sasa. Sikuahidi kuwa mwembamba, wewe mwenyewe ungenicheka. Ninachokuahidi ni hiki: sitakula tena chakula ambacho siwezi kukila mbele ya mtoto. Na siku nikianguka tena, maana nitaanguka, nitamwambia mtu aliye hai, nisingoje mpaka nikuandikie wewe.

Pumzika, Mama Kendi. Kwaheri ya Kimeru na kwaheri ya Kiborana, zote mbili zichukue.

Rafiki yako,
Mama Rukia