Paa Zuri Kupita Kiasi

Jumapili. Joto. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua bado inajivuta.

Kwa wakaazi wote wa Mbweni na vitongoji vyake: inatangazwa rasmi kwamba kibanda kilichojengwa uani kwetu kimekamilika, kimekaguliwa, na kinavuja. Wanaotaka kuleta pole wasijisumbue. Kinavuja inavyotakiwa.

Nieleze. Mimi na mke wangu Raheli ni Wayahudi wa Arusha. Tulihamia Unguja kwa sababu mahoteli ya huku yana mafriza mengi na mimi ni fundi wa mafriza. Binti yetu Tamari ana miaka miwili. Mimi nina hamsini na moja, na sokoni husifiwa kwa kuwa na mjukuu mzuri. Nshazoea. Siku hizi naitikia tu ahsante.

Hapa hatuna sinagogi wala mwalimu. Tunajifunza wenyewe mwisho wa wiki, Raheli akiwa na kitabu mkononi na mimi nikiwa na usingizi. Wiki hii ni Sikukuu ya Vibanda: unajenga kibanda nje, unakula humo, ukiweza unalala humo, kukumbuka wazee wetu walivyoishi jangwani. Kilitakiwa kiwe tayari tangu sikukuu ilipoanza. Lakini mimi nilikuwa Kizimkazi, kichwa changu kimo ndani ya friza la hoteli.

Kuta nilikuwa nimeshazisimamisha, miti minne na mashuka ya zamani. Lilibaki paa. Bi Mize, jirani yetu, mzaliwa wa Makunduchi, ndiye anayekaa na Tamari sisi tukiwa kazini. Ndiye aliyemfundisha kuitika "naam", na sasa mtoto huitika hata friji letu likilia. Aliposikia tunahitaji makuti alisema tusinunue, atashona mwenyewe. Nikashukuru.

Sikuongeza neno. Hapo ndipo nilipoharibu.

Maana sheria ya kibanda inapingana na kila anachokijua Bi Mize. Kivuli kizidi jua, sawa. Lakini usiku nyota zionekane, na mvua kubwa ipate njia ya kupita.

Ijumaa alasiri nilirudi nikakuta kazi imekwisha. Mkwewe ndiye aliyepanda juu, yeye alisimama chini akiamrisha. Makuti yamelaliana, yamekazwa kwa kamba, hayana hata tundu la sindano.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Ingia utazame. Likikudondokea tone moja, njoo unigombeze."

Niliingia. Kiza kitupu. Nikatazama juu kama mtu anayetafuta mwezi mwandamo, nikasema, "Mashallah." Akafurahi, akaenda zake.

Raheli alipofika alitazama juu mara moja tu. "Zuri kupita kiasi," alisema. "Kamwambie."

"Nitamwambia kesho."

Sabato ilikuwa karibu kuingia, na ikishaingia huruhusiwi kugusa paa. Kwa hiyo badala ya kwenda kuzungumza na mtu mzima mwenzangu, nilichukua ngazi. Nilikuwa juu, makuti matatu kwapani, Bi Mize alipopita lango na bakuli la mbaazi.

"Baba Tamari, umepoteza kitu huko juu?"

"Hapana, Bi Mize. Nnapunguza kidogo."

"Unapunguza nini?"

"Ni dini yetu. Paa likiwa zima sana halifai."

"Na ulikuwa unajua, ukaniacha wiki nzima nnashona."

Akaliweka bakuli chini, akaondoka. Tamari alimwita. Hakugeuka.

Hajawahi kutogeuka.

Usiku tulikula kibandani, na kwa mujibu wa sheria kila kitu kilikuwa sawasawa. Nyota zilionekana kupitia matundu yangu. Tamari alizihesabu: moja, mbili, tano, moja. Ningekuwa mtu mwenye furaha kamili kama isingekuwa zile mbaazi, ambazo zilikuwa tamu na hazikupita kooni.

Kuna desturi usiku huo ya kuwakaribisha wazee wa zamani kibandani kama wageni. Nilisimama nikamkaribisha Ibrahimu, kwa sauti yangu ya sherehe. Raheli alisubiri nimalize.

"Ibrahimu umemkaribisha," alisema. "Na wa nyumba ya pili?"

Sikulala vizuri. Shangazi zetu na bibi zetu wote wako Arusha. Huku tuna Bi Mize. Ndiye anayejua Tamari akilia kilio gani ana njaa na kilio gani anadanganya. Mimi bado sijui.

Jumamosi asubuhi Bi Mize hakumwita Tamari ukutani kama kawaida yake. Tamari alikwenda akasimama pale, akaitika "naam" bila kuitwa.

Basi nilikwenda kumwomba radhi. Alinisamehe, kwa masharti: mwakani nimwambie mapema, kwa mdomo wangu na si kwa ngazi, naye atashona la kuvuja. "La kuvuja n'takushonea kwa siku moja," alisema. "Hata mkwe wangu analiweza."

Jioni alikuja, akaketi mkekani, akayakagua matundu yangu bila heshima yoyote.

"Na mvua ikinyesha?"

"Tunaingia ndani," alisema Raheli.

"Ndani mna nyumba ya bati, mmekuja nje kukaa chini ya matundu."

"Siku chache tu. Ili tusiitegemee sana ile ya bati."

Bi Mize alifikiri. "Hilo nimelifahamu," alisema. Kisha akanigeukia. "Wewe ungenambia hivyo tangu mwanzo, ungekufa?"

Manyunyu yakaanza. Tone la kwanza lilimpata yeye, kwenye pua. Tamari alicheka mpaka akakaa chini, na Bi Mize akaliacha pale lilipo ili mtoto azidi kucheka.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini nimesoma tena nilichoandika, na ile sentensi ya kwenda kumwomba radhi inanisumbua. Inanionyesha nikivuka ua kifua mbele.

Ilikuwa hivi. Jumamosi mchana nilikuwa nimejilaza kibandani, kitabu usoni, nikipanga maneno. Raheli amelala. Nilipotoa kitabu, Tamari hayupo na lango liko wazi. Nilitoka mbio. Kandambili yake moja niliikuta njiani. Mwenyewe nilimkuta jikoni kwa Bi Mize, kakaa juu ya kibao cha mbuzi, anakula ndizi, mdomo wote umejaa.

Nilisimama mlangoni. Yale maneno niliyoyapanga yote yalinikimbia.

"Nimemfuata mtoto," nilisema.

Bi Mize hakuinua macho. "Mtoto keshafika. Wewe ndiye bado."

Ndipo nikavua viatu.