Fundo la Skafu ya Wara

Cochabamba, Jumanne

Mwanangu Maritza,

Mahindi ya zambarau ya kupikia uji yamepanda bei, na goti langu ni lile lile. Msalimie bibi kizee unayemuuguza huko Sevilla.

Jumapili kwenye simu ulifurahi: "Mama, Wara ametulia, leo hata hajaniuliza narudi lini!" Sikuweza kukueleza kwa sababu mwanao alikuwa pembeni yangu. Sasa sikia.

Kikundi chake cha skauti wadogo hukutana kila Jumamosi. Kiongozi wao, Jhoselin, humfunga kila mtoto fundo kwenye ncha ya skafu, na halifunguliwi mpaka amtendee mtu wema. Wenzake hufungua upesi: huyu kaosha vyombo, yule kambebea jirani ndoo. Wara wako aliosha vyombo wiki tatu na fundo likabaki pale pale. Nikamtania, "We mtoto, mpaka uokoe nchi nzima?"

Akasema, "Bibi, hili ni la mama. Na mama yuko mbali."

Jumapili, ulipokata simu tu, nikamwona analifungua kwa meno, maana lilikuwa limekaza. Nikamuuliza, "Umemtendea nini mama yako?"

"Sijamuuliza anarudi lini. Nikimuuliza huwa analia."

Ana miaka saba, Maritza. Jumamosi Jhoselin atamfunga fundo jipya, na ameshaniambia atalifungua vile vile. Kwa hiyo ukipiga simu Jumapili, usingoje akuulize.

Mama yako,
Eusebia