Uso wa Baba Mkwe

Jumatatu, 7 Julai
Nimetengeneza pampu mbili za wachimbaji. Saa tisa nikaenda kwenye pokeri, nyuma ya gereji. Nimeshinda, na sikuwa na karata yoyote ya maana. Yule mnunuzi wa dhahabu akipata karata nzuri huacha kutafuna bigijii yake. Akipiga mkwara, hana kitu mkononi, hutafuna haraka. Miaka sita nayasoma mashavu yake. Nimechoka na mashavu ya watu.

Mke wangu, Mama Kulwa, yuko kwao Kagongwa na mapacha wetu, wiki ya tatu sasa. Aliondoka akisema hawezi kuishi na mtu anayemkagua uso hata akiaga kwenda sokoni. Kweli, namkagua. Sijui namna ya kuacha.

Jumatano, 9 Julai
Nimeshindwa vibaya. Doto alilia kwenye simu, nikaja mezani nimevimba. Mwenye hasira huchezwa, hachezi. Somo hilo nawafundisha wengine. Upuuzi mtupu.

Ijumaa, 11 Julai
Baba mkwe amekuja Katoro, amefikia gesti ya stendi. Nilimwamkia nimeinamisha kichwa. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Ni mlinzi mstaafu wa mgodi wa Mwadui, na pokeri alijifunzia huko. Anataka tucheze wawili tu, kwa njugu mawe. Akishinda, naacha karata, na Mama Kulwa anarudi na watoto. Hilo ni sharti la Mama Kulwa mwenyewe. Nikishinda, mzee hatatia neno tena kati yetu.

Nimemwelewa. Ananitafutia njia ya kuacha bila aibu. Kushindwa na mkwe, nani atanicheka?

Basi nishindwe tu. Sijawahi kupewa mchezo mwepesi hivi. Naogopa.

Jumamosi, 12 Julai
Tulianza saa nne asubuhi, uani pale gesti. Macho yangu kwenye mkeka. Simwoni, kwa hiyo sijui lolote. Nilicheza kama kipofu na moyo ukatulia. Sikumbuki lini ulitulia hivyo.

Hadi saa sita tulikuwa sawa. Mara akasukuma njugu zake zote. Mimi nina jozi ya tano tu. Nilitakiwa kutupa karata, basi, yaishe. Nikasikia amebana pumzi. Nikainua macho. Nikamkodolea baba mkwe kama ninavyomkodolea mnunuzi wa dhahabu. Mkwara. Mkono wangu ukasukuma njugu kabla sijauamuru.

Hakuwa na kitu.

Hakukasirika. Alikusanya karata polepole, akazipanga, akanirudishia.

“Nilizisukuma zote ili utupe karata zako, mwanangu,” akasema. “Ukaona bora unitazame.”

Nilimwomba anywe hata chai. Akasema atachelewa basi. Najichukia.

Jumanne, 15 Julai
Sikwenda kwenye pokeri. Wala jana.

Nimempigia Mama Kulwa. Nimemwambia naacha, hata kama nilishinda. Alinyamaza. Nikajikuta nasikiliza ule ukimya, napima ameamini au la. Nikaondoa simu sikioni mpaka niliposikia anaita jina langu.

Alisema tutaona. Kisha akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula.

Alijua sijala. Akaniacha hivyo hivyo, akaanza kunisimulia habari za watoto.