Shina Ambalo Sikuliosha

Mama,

Leo ni Jumapili, tarehe 16 Februari 1992. Ni miaka sita na miezi minne tangu nilipopanda basi pale Musoma kuja huku Morogoro kukata miwa, nikakuambia nakwenda msimu mmoja tu. Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo niliyoifunika, kwa sababu mgongo siku hizi unachagua wenyewe pa kukaa. Dada Nyangeta akusomee polepole na asiruke mahali, hata pale ninapomtaja mume wake.

Barua yake ilinifikia juzi. Anasema u mzima ila magoti. Anasema pia shemeji anataka kung'oa lile shina la mua lililo kando ya bafu, apande nyanya za kupeleka Musoma mjini, na wewe umekubali. Ameandika maneno yako: "Ling'oeni tu, mbegu yenyewe ilishazeeka."

Mama, maneno hayo si yako. Ni mimi niliyekupa. Naandika ili niyachukue.

Unakumbuka ile miaka sukari ilipopotea? Duka la kijiji lilikuwa na chumvi, siku nyingine na viberiti, na siku nyingine na mwenye duka peke yake. Wewe ulikuwa unapika chai ya rangi, unatugawia kila mtu kipande cha mua mkononi. Tafuna, meza, kunywa. Mgeni kutoka Bunda aliwahi kukuuliza, "Mama Magesa, hii chai mbona haina sukari?" Ukamwambia, "Inayo, ila wewe umeishika mkono mwingine." Akacheka mpaka akamwaga chai. Nyangeta alipojifungua, uji wake uliutia maji ya mua uliyoyakamua kwa kutwanga na kuchuja kwa kitambaa. Bukima nzima walikuja kuomba pingili, na hukuwahi kumrudisha mtu.

Mbegu ile ulikuja nayo kutoka kwa bibi, Butiama, ulipoolewa. Ulituambia ulikuja na mashina matatu ndani ya kapu, yamefunikwa udongo wa kwao, na watu wa upande wa baba wakasema bibi harusi ameleta shamba kichwani. Na kila ulipohamisha mua ulifanya vile vile: shina na udongo wake, na konzi moja ya udongo wa zamani ndani ya kila shimo. Mimi nilikuwa nakuuliza kwa nini. Ulikuwaga unajibu, "Mua usipohama na udongo wake unajiona mgeni." Nilikuwa naona ni maneno ya watu wa zamani.

Halafu ukaja ule ukame. Bonde letu likakauka, ukasema tuhamishe miwa karibu na ziwa. Nilikuwa nimeachia darasa la sita, lakini lile la sita lilikuwa bado kichwani linapiga kelele. Mwalimu wa kilimo alitufundisha kwamba udongo wa shamba la zamani hubeba magonjwa. Basi ulipokwenda Suguti kwenye msiba, nikang'oa mashina yote kumi na mawili, nikayapeleka ziwani, nikayaosha. Maji peke yake sikuyaamini. Nilichukua kile kipande cha sabuni ya mche ulichokipanga foleni siku mbili, nikasugua mizizi mpaka ikawa myeupe kama meno.

Uliporudi ulisimama pale ufukweni na kapu lako kichwani. Ukasema, "Wewe baba, umeiosha kama maiti." Halafu ukaona sabuni. "Na sabuni yangu ya kuendea kanisani!"

Nikakujibu kwa kiburi kwamba shuleni ndivyo wanavyofundisha. Tukapanda. Jua likakaza. Majani yakajikunja kama sigara, mashina kumi na moja yakakauka. Moja tu likabaki, lile la kando ya bafu. Uliponiambia ni kwa sababu ya kuosha, nikakukatalia mbele ya majirani. Nikasema mbegu yako imezeeka, na hilo moja limepona kwa sababu linakunywa maji ya kuogea. Jirani mmoja akacheka, akasema mama Magesa naye amezeeka pamoja na mbegu yake. Na mimi nilicheka, Mama. Hukugomba. Ulisema, "Wewe ndiye uliyesoma," ukaingia jikoni. Tangu siku ile sikukuona tena ukibeba udongo.

Sasa sikia nililokuficha. Lile moja sikuliosha. Sabuni iliniishia. Lilibaki na tope lake la zamani, nikalichomeka haraka kando ya bafu ili usione kwamba halikuoshwa. Nilijua tangu siku ile lipi lilipona. Sikusema, kwa sababu kusema kungekuwa kukubali.

Nimekaa nalo miaka yote. Kilichonifungua mdomo ni kazi niliyopewa mwaka jana. Mgongo uliponisumbua, mnyapara alinitoa kwenye kukata akanipeleka kumwagilia kwenye kitalu cha majaribio. Tangu mbolea ipande bei wanatafuta njia nyingine. Yuko pale bibi mmoja mtaalamu, sisi tunamwita Mama Vijidudu, naye anajua na anaitika. Ana miwa ya ukoo mmoja, imekatwa kutoka mbegu moja, kwenye ndoo zilizojaa udongo uliochemshwa ili usibaki na kijidudu. Ndoo nyingine zinapata maji. Nyingine zinanyimwa maji. Nyingine zinanyimwa maji lakini mizizi yake ilichovywa kwanza kwenye maji yenye bakteria waliotolewa kwenye mizizi ya miwa mizee.

Kazi yangu ilikuwa kumwagilia na kutomwagilia. Hiyo ya pili ni ngumu zaidi, Mama. Unapita na ndoo ya maji mbele ya mua wenye kiu, unaona aibu.

Baada ya wiki chache ile isiyo na maji ilijikunja kama ile yetu ya ufukweni. Lakini iliyochovywa ilijikunja baadaye, na mingi ilisimama. Nilipoona hivyo nikaweka ndoo chini. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia ndani ya mua kuna maagizo uliyorithi kwa wazazi wake, wao wanayaita jeni. Si yote yanayofanya kazi kila siku. Mengine yamelala. Jua likizidi, yanaamka: funga matundu ya majani, refusha mzizi, tunza maji. Mua ukichelewa kuyaamsha, unakufa ukiwa na dawa yake ndani. Na wale bakteria, wakikaa kwenye mizizi na hata ndani ya shina, ni kama wanaugonga mlango mapema. Jua linapofika linakuta umeshaamka. Wengine huchukua naitrojeni kwenye hewa, wakaugawia mua kama mbolea.

Marwa wa Tarime, ambaye namwagilia naye, akadakia, "Kwa hiyo mua nao una ukoo?"

"Unao," akasema Mama Vijidudu.

"Na una majirani wa kuuamsha?"

"Unao."

"Basi unanishinda mimi. Mimi naamshwa na filimbi ya mnyapara."

Tukacheka wote, ila mimi machozi yalinitoka, nikasingizia jasho. Nikamsimulia habari zako, kapu, konzi, na sabuni. Hakunicheka. Alisema mwalimu wangu naye hakudanganya: udongo hubeba magonjwa kweli, na miwa mingi imekufa kwa udongo mbaya. Lakini akasema shina linalotoka kwenye bustani nzima, lililozoeana na udongo wake miaka mingi, ukiliosha kwa sabuni unaweza kuwa umeliondolea wenzake wakati linapowahitaji. Akasema hawezi kuapa ndivyo ilivyokuwa kwetu, huenda na maji ya bafu yalisaidia. Mimi nakuambia kama alivyosema, bila kuongeza. Lakini mbegu kuzeeka, hilo alilikataa. Akasema mbegu iliyozeeka haisimami miaka yote hiyo kando ya bafu.

Basi Mama, mbegu yako haikuwa imezeeka. Mkono wako haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa mimi na kipande cha sabuni, halafu mdomo wangu. Kile kicheko changu mbele ya majirani ndicho kinachoniuma kuliko mgongo. Nimekata miwa ya watu zaidi ya miaka mitano, sijui ni mingapi, na kila asubuhi niliposhika panga niliiona mizizi ile myeupe. Wewe ulibeba aibu yangu kichwani kama ulivyobeba lile kapu, bila kuuliza uzito.

Sasa najua sukari imerudi madukani, hata Bukima mnapima kwa kilo, na hakuna anayehitaji mua kwa ajili ya chai. Shemeji hana kosa, nyanya zinaleta chakula. Ninachomwomba ni hatua tatu tu za ardhi kuzunguka lile shina, na muda kidogo. Asilipige jembe. Asilimwagie dawa ya nyanya. Kama anataka udongo mzuri achukue kwingine, ule una wenyewe.

Sitaleta mbegu ya huku. Hata wakinipa sitaichukua. Nitakuja na kapu tupu, tuligawe lile shina tupande upya, na wewe utakaa kwenye kigoda unielekeze pa kuchimba, na utanigombeza kwa sauti, majirani wasikie. Nataka wasikie. Na yule jirani aliyecheka, kama bado yupo, mwite aje. Nitamwambia mimi mwenyewe sabuni iliishia wapi. Konzi ya udongo wa zamani utatia wewe kwa mkono wako kwenye kila shimo, mimi nitakushika usianguke.

Kiwanda cha sukari huku kinafungwa mwisho wa Machi mvua zikianza. Nitapanda treni mpaka Mwanza, basi la Bunda, na Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mchana, nitakuwa Bukima. Mvua zitakuwa zimelainisha ardhi. Nisubirini, msipande bila mimi.

Mwanao wa kwanza, aliyeishiwa sabuni,
Magesa