Majibu Niliyoficha Mbele ya Mukwe

Mutoto wangu Mwamini, kule Kasongo,

Pokea salamu za nyumba yetu ya huku Wamaza. Baba yako anakusalimia. Mugongo iko inamusumbua, lakini shambani anaenda. Mudogo wako Zawadi anakusalimia, na bwana yake, mukwe wetu Musafiri, na mapacha wao wanaoota meno. Koko yako, mama yangu muzazi, anakusalimia pia. Ni kwa ajili yake naandika, na mikono imechoka.

Unakumbuka ile vakansi, masomo ya uganga yamefunga, ulikuja na karatasi ya maulizo? Ulimukalisha koko kitandani, ukamuuliza kama ameanguka, kama anageuka yeye mwenyewe, kama mukojo unamuponyoka. Kila jibu ulitia alama. Koko akasema, "Weye mujukuu, unanipima kama muhogo wa soko?" Ukamujibu, "Muhogo haulalamike, koko." Tulicheka sana. Halafu ukanishika mukono, ukanionyesha kugusa kisigino na mufupa ya kiuno. Ulisema kwa ngozi yetu wekundu hauonekane vizuri, vidole ndivyo vinajua: pakiwa na joto, pakikazana, asilalie tena pale.

Sasa sikia. Kisha mavuno koko alianguka mara mbili akienda choo. Hatembei tena. Infirmie, yule muuguzi wa kituo cha afya, alikuja nyumbani na karatasi kama ile yako. Musafiri ndiye alimuleta na pikipiki, akakaa palepale anakunywa maji. Infirmie akauliza, "Mama, ameanguka?" Nikasema hapana. "Mukojo unamuponyoka?" Nikasema hapana. Mwamini, ningetaja namna gani mukojo wa mama yangu mbele ya mukwe? Infirmie akajumlisha alama zake, akasema hatari ya vidonda vya kulala ni kidogo, akaenda.

Na ule uongo wangu ukanidanganya mimi mwenyewe. Siku nimechoka, nilimuacha alale upande moja, nikasema, si infirmie amesema hatari ni kidogo? Juzi nikimuosha nikaona ngozi ya makalio imefunguka, ukubwa kama kifuniko cha chupa. Yeye halii. Anauliza tu kama wewe unakula vizuri kule.

Sasa mimi na Zawadi tunapokezana kumugeuza, muchana na usiku, na mabega yangu yamekwisha. Baba yako anataka tumulete kwako na pikipiki. Mimi naogopa. Atakalia kile kidonda mu njia ile yote?

Tuma neno mbio, kwa mutu wa kwanza anayekuja huku. Tumulete, ao tungojee? Na uandike majibu ya kweli kwenye karatasi ingine, nitamupa infirmie mukononi, Musafiri akiwa pale ao hapana. Usianze na kunisamehe. Anza na namna ya kumulaza.

Ubakie na Mungu, na ukule.

Mimi mama yako